Agosti Jikoni

Miaka thelathini na mmoja kalenda ya duka la matairi
ilining'inia jikoni kwetu Melbourne, juu ya birika,
imekwama Agosti: samaki wa manjano, maji ya buluu,
na jina Cairns kwa herufi za dhahabu.
Miezi mingine baba aliichana, akawashia moto.
Agosti hakuigusa. "Nikistaafu," alisema,
akavaa kofia ya udereva wa tramu, akaitokea baridi.

Amestaafu. Tumekuja. Mvua imetutangulia,
inanyesha kama mtu aliyefungua bomba akaenda sokoni.
Mbele ya hoteli hakuna mchanga, ni tope,
tope jeusi, kaa, ndege wenye midomo ya sindano,
na kibao cha mamba kinachoonya kwa lugha nne.
Watu wanaogelea bwawani, bahari iko hapo hapo,
kwani miezi hii bahari wamepangishiwa konyeza.

Jioni popo huondoka miti ya katikati ya mji,
wengi, wengi, mji mwingine unaoingia zamu ya usiku.
Kisha chekeamwezi hulia chini ya dirisha
kwa sauti ya mwanamke anayeporwa.
Baba alishuka na mwavuli kwenda kumwokoa.
Akarudi amelowa. "Ni ndege," akasema.
"Ana magoti makubwa. Amenitazama vibaya."

Siku ya tatu, msituni, mmea wa miba ya ndoano
ulimdaka shati. "Huyu tunamwita Ngoja-Kwanza,"
alisema Shangazi Delphine, shangazi wa kila mtu huku,
msitu huu ni wa mama za mama zake.
"Usivute. Ukivuta, naye anavuta. Rudi nyuma."
Baba, ambaye maisha yake yote ya kazi
alikwenda mbele tu, juu ya reli,
akarudi hatua moja.
Ukamwachia.

Bandarini Getano, kijana wa Visiwa vya Torres,
alimpimisha miwani ya kuzamia, akasita,
akagusa juu ya mdomo wake mwenyewe, kwa adabu:
"Maji yataingilia hapo, mzee. Miwani haishiki masharubu.
Unaweza kupaka mafuta mazito. Au..."
Hakumalizia. Ni masharubu ya kabla sijazaliwa,
yamo kwenye picha ya harusi, yamo kwenye leseni,
mama alizikwa akiyajua hayo hayo.

Usiku ule nilisikia maji bafuni, kwa muda mrefu.

Njia nzima ya mashua alitapika.
Alikula biskuti za tangawizi za Getano, akatapika na hizo.
Kisha akashuka ngazi, vazi la nailoni limembana
kama soseji, akainamisha kichwa, akatulia.

Matumbawe ya kulia yalikuwa meupe, mifupa ya kuku.
Getano hakuficha: "Kiangazi kile maji yalichemka.
Haya hayajarudi. Yale pale, labda."
Yale pale yalikuwa ya zambarau, na ya kahawia tu,
rangi ya chai ya maziwa, na pono wakiyaguguna,
na chaza mkubwa, mdomo buluu, akifunga taratibu
kila kivuli cha baba kilipompitia.

Lakini mimi nilikuwa nimekuja kuona hayo
nikabaki namtazama yeye, alipoibuka, akivua miwani:
mdomo wa juu, mwembamba, mweupe, haujui jua.
Mdomo wangu. Huu ninaoupaka rangi kila asubuhi
nikijiuliza niliurithi kwa nani.

"Kuna kelele!" alipiga ukelele yeye mwenyewe,
maji yakimtoka puani. "Chini kule kunakaangika,
kama vitunguu! Kalenda haikusema!"
Akazama tena, akasikilize.

Uwanja wa ndege, mvua ingali palepale.
Mvi zimeanza kuchomoza, punje punje, kama chumvi.
Mpaka Brisbane nimemtazama kwa wizi,
amelala, kinywa wazi,
kabla hazijamfunika.